Nywele za Twiga Zimesukwa Kombo

Shikamoo shangazi mshauri,

Nakuomba unishauri kabla neno halijaniponyoka. Mimi ni mwanafunzi wa bweni na nina rafiki ninayemwita Pacha, ingawa hatuna undugu, na tangu kidato cha kwanza ni mimi peke yangu niliyejua kwamba akishikwa na hofu pumzi humkatika na mikono humtetemeka, nami humtoa darasani nikisingizia tumbo linamuuma, tunakaa nyuma ya bweni, nampangusa jasho, namwambia, "Vuta taratibu, Pacha, niko hapa," mpaka atulie, na kila Jumamosi namsuka, ila yeye kusuka hajui, mistari yake hupinda kama njia ya mbuzi, kwa hiyo kichwa changu sijawahi kumpa.

Sasa amekuja msichana mpya, tunamwita Twiga kwa urefu wake, na Jumamosi iliyopita niliwakuta kitandani kwangu, Pacha anamsuka, wanacheka mpaka machozi, na Jumatatu Twiga akaingia darasani na mistari yake kombo akijishaua, "Fundi wangu huyo, msinisumbue kuomba namba yake!" Shangazi, nilihisi nimemeza kaa la moto. Tena siku hizi Pacha anakwenda kwa mwalimu wa ushauri, Twiga ndiye anayemsindikiza, na hofu imepungua, lakini badala ya kufurahi natamani imshike tena ili anitafute mimi. Jana wenzetu waliniuliza, "Hivi mwenzio huwa anafuata nini kwa mwalimu?" Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, na najua wataniuliza tena. Nifanye nini?

Aliyeachwa Bwenini

Marahaba, mwanangu.

Funga huo mdomo. Siri hiyo ni ya Pacha, wewe ulishikishwa tu. Wakikuuliza, sema, "Muulizeni mwenyewe," kisha endelea kufua soksi zako. Ukiitoa, Pacha hatarudi kwako. Atarudi nyuma ya bweni, safari hii peke yake.

Wivu wenyewe sikulaumu. Umemtunza mtoto wa watu kwa moyo, lazima uumie. Lakini kutamani mwenzio azidiwe ili akuhitaji? Hapana! Hapo umepotoka, na nadhani unajua, ndiyo maana umeniandikia.

Twiga hakukuibia rafiki. Alimpa kichwa chake asuke, basi. Wewe umempa Pacha kila kitu isipokuwa nafasi ya kukufaa wewe. Umenieleza pumzi zake, mikono yake, hata jasho lake. Mbona hujaniambia wewe ukiogopa unakwenda kwa nani? Sidhani hata yeye anajua kwamba huwa unaogopa.

Jumamosi hii fumua nywele zako, chukua kitana, kaa sakafuni mbele yake, umwambie, "Nisuke." Akishaanza, mweleze kwamba umeumia na umemkumbuka. Itakuwa rahisi, maana hamtatazamana usoni. Twiga akiwepo, mpe kioo ashike.

Na mistari ikipinda, usiifumue. Jumatatu nenda nayo darasani.