Siku jiko la Riziki lilipowaka

Alhamisi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne hivi, na tangu hapo ukungu umekaa juu ya Mweso, mji wetu mdogo huku Masisi, kama mgeni asiyejua pa kwenda.

Nitaandika kwanza kile ambacho sijamwambia mtu yeyote, maana nikianza na mengine nitaishiwa ujasiri kabla sijafika.

Leo moto uliwaka ndani ya nyumba yetu, mdogo wangu akiwa karibu nao, nami nilikimbia nikamwacha.

Hapa nyumbani wanajua habari nyingine, iliyo nzuri kuliko hii, na wananisifu. Kidole changu kimoja kimefungwa kitambaa na kila anayepita uani anauliza, kisha anatikisa kichwa kwa heshima. Mimi naangalia chini. Kwa bahati nzuri wamezoea kuniona nikiangalia chini.

Mimi naogopa moto.

Hilo nalo hakuna anayelijua. Nyumba yetu ya zamani, kule kilimani, iliungua mwaka tuliokimbia vita. Tulikuwa tumejificha kwenye migomba, na sikuona mengi, lakini nilisikia mabati yakilia yanapojikunja. Baada ya hapo nilipelekwa shule ya bweni, na bweni lilinificha vizuri, kwa kuwa kule walipika wapishi. Sasa nimemaliza. Diploma ya kumaliza sekondari ninayo. Msichana mwenye diploma, anayekaa nyumbani akingoja kujua maisha yake yataelekea wapi, hana sababu yoyote ya kutowasha babula, jiko letu la makaa, mama yake anapokuwa shambani.

Basi nilitafuta njia. Hapa kuomba moto kwa jirani si aibu, kila mtu huomba. Unachukua kipande cha bati, unakwenda, unawekewa makaa mawili matatu mekundu, unarudi nayo kuwashia yako. Mimi niliomba kila siku. Mama Bahati, jirani yetu, ananiwekea makaa yeye mwenyewe, nami nayabeba nikiwa nimenyoosha mkono hadi mwisho kama mtu aliyebeba nyoka. Nikifika nayamimina kwenye babula, naweka mengine juu, nasogea mbali na kuacha upepo ufanye kazi yangu.

Mama anafikiri nabana matumizi. Amewaambia wanawake wenzake kanisani kwamba binti yake hapotezi kiberiti.

Anayeniona nikifanya hivyo kila siku ni Riziki. Ana miaka mitano, ananifuata kama mkia, na ananiita Yaya kama watoto wote wa hapa wanavyowaita dada zao wakubwa. Alilazwa hospitali kwa muda mrefu, tukaogopa sana, na Mjomba akamwahidi kwamba akipona atamletea zawadi kutoka Goma. Alipona. Mjomba akaja na pikipiki, nyuma amefunga katoni kubwa kuliko yeye, imelowa matope hadi juu. Ndani mlikuwa na jiko la kuchezea, la plastiki, rangi ya waridi.

Lilikuwa jiko la watu wengine kabisa. Lilikuwa na oveni yenye mlango, bomba la maji, na picha za keki na za kuku mzima aliyelala chali. Riziki alilizunguka kama anayekagua mbuzi wa kununua, kisha akauliza bidoni, dumu la maji, iko wapi, na kinu kiko wapi, na mtu anakaa wapi, maana kiti hakikuwepo. Mjomba alicheka hadi akakaa chini. Akaniambia, wewe uliyesoma, litengeneze liwe la hapa.

Nililitengeneza kwa wiki nzima, na niseme ukweli, tangu nirudi kutoka shule sijawahi kufurahi vile. Nilibandua keki na kuku, nikabandika michoro yangu ya majani ya muhogo, yaani sombe, ya viazi na ya maharagwe. Nilikata chupa ndogo ya mafuta nikatengeneza bidoni ya njano yenye kamba ya kubebea. Nilichonga mwiko kwa kipande cha mti, ukatoka umepinda kidogo, Riziki akasema ni wa mtu anayetumia mkono wa kushoto. Pale juu palipokuwa na duara mbili za kupikia nilibandika mawe matatu. Kwenye mlango wa oveni nilitundika pazia la kitenge kilichobaki kwenye gauni la Mama, na ndani nikatandika karatasi za daftari langu la zamani la kemia, ziwe mikate.

Na nilitoa betri.

Jiko lile lilikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, taa nyekundu inawaka na sauti ya mafuta ya moto inatoka, chaa, chaa, chaa. Mtu mwingine angesikia mafuta. Mimi nilisikia mabati. Usiku wa siku niliyolisikia mara ya kwanza sikulala vizuri, na asubuhi nilitoa betri nikaziweka juu ya kabati, nikamwambia Riziki zimekwisha. Picha ya miali ya moto iliyokuwa chini ya duara niliikwangua kwa kisu. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yake, ili asiogope. Yeye hakuwa anaogopa kitu.

Siku ya pili alikuja kunishtaki. Akasema jiko lake halina moto.

Hapo ndipo nilipofanya jambo nililoliona ni la akili. Nilichukua kopo la sadini, nikalitoboa na kulitia waya wa kushikia, nikamwambia aende akaombe moto kwa Mama Bahati, kama tunavyofanya sisi. Mama Bahati alielewa bila kuelezwa. Alimwekea vifuniko vyekundu vya chupa, vitatu, kwa uzito wote wa mtu anayempa jirani makaa. Riziki alirudi navyo akiwa amenyoosha mkono hadi mwisho, uso ameugeuza pembeni.

Nilipomwona akitembea hivyo nilijua anaiga nani. Nilicheka, lakini si sana.

Ukawa mchezo wa kila siku. Vifuniko vinarudishwa jioni, asubuhi vinaombwa upya. Bahati, mtoto wa jirani, alimtania kwamba jiko lake la kifahari halijui kujiwasha, na Riziki akamjibu kwamba hata la Mama haliwaki bila kuomba. Nilisikia jibu lile nikiwa naosha vyombo. Nikaendelea kuosha.

Leo Mama alikwenda shambani mvua ilipokatika. Papa, baba yetu, yuko Ntoto kwa biashara yake ya mawese. Mama Bahati naye alikuwa amekwenda sokoni, lakini Riziki hakujua, na mimi sikujua. Nyumbani kwake alikuwepo mama mkwe wake, mzee tunayemwita Koko, ambaye macho yake yamechoka. Riziki akasimama mlangoni na kopo lake, akaomba moto kwa adabu, kama tulivyomfundisha.

Koko akampa moto.

Mimi nilikuwa kwenye mlango wa nyuma namenya viazi ndani ya beseni la maji. Nilisikia hatua zake zikiingia kwa mbele, polepole, na nikafikiri ni mchezo ule ule. Kisha ikaja harufu. Plastiki inapoungua haina harufu ya kitu kingine chochote. Niligeuka. Makaa aliyoyamimina katikati ya mawe matatu yalikuwa yameyeyusha sehemu ya juu na kutumbukia kwenye oveni, kwenye mikate yangu ya karatasi, na pazia la kitenge lilikuwa linawaka kutoka chini kwenda juu. Nyuma ya jiko kuna ukuta. Ukuta wetu ni mbao, na mbao zimepakwa mafuta machafu ya gari ili zisiliwe na mchwa.

Riziki alikuwa amechuchumaa mbele yake, mikono magotini, uso unang'aa.

"Yaya," akasema, "jiko yangu imewaka."

Hakuwa analia, wala hakuniita nimsaidie. Alikuwa ananionyesha.

Nami nikakimbia.

Sikuamua. Nataka niandike kwamba nilifikiri kwanza, hata jambo la kijinga, lakini sikufikiri kitu. Miguu iliondoka, kisu cha viazi kikiwa bado mkononi. Nilipojikuta nilikuwa kwenye uzio wa miti, mwisho wa uwanja wetu, nimeukumbatia mti kama niliyetaka kuupanda. Nyuma yangu moshi mweusi ulikuwa unatoka mlangoni. Na ndani ya moshi sauti ya Riziki ikaanza kukohoa.

Ni kikohozi kile kilichonirudisha. Nilikisikia siku zote alizolazwa hospitali, kila nilipokaa kando ya kitanda chake wakati wa likizo. Sijui kama ningerudi angekuwa amenyamaza.

Hilo ndilo linalonitisha kuliko moto wenyewe.

Nilirudi, nikanyanyua beseni na viazi vyake vyote, nikaumwagia moto. Moto wa pazia ukafa. Kwenye oveni bado uliwaka kidogo, nikalishika jiko kwa miguu yake na kulivuta hadi nje kwenye matope, na hapo tone la plastiki likanidondokea kidoleni. Nikaingia tena kumchukua Riziki. Alikuwa ameegemea ukuta, hana alama yoyote, ila machozi ya moshi na hasira. Alikuwa analia kwa sababu nimemharibia jiko.

Ukutani kuna doa jeusi, refu kama mkono wangu. Nimelisugua, halitoki.

Koko alikuja akipapasa uzio. Alipoelezwa alikaa chini kwenye tope bila kujali kitambaa chake, akaweka mkono kichwani. "Mutoto anaomba moto," akasema, "utamunyima namna gani?" Nilitaka kumwambia kosa si lake. Kwetu mtoto akija na kopo huulizi moto ni wa nini, kwa sababu nyuma yake kuna mtu mkubwa anayesubiri na chungu. Nilitaka kumwambia kwamba mtu mkubwa huyo ni mimi, na kwamba mtoto huyu anaamini moto hutoka kwa jirani kwa sababu kwetu hajaniona nikiuwasha hata mara moja. Nilimsaidia kusimama tu.

Mama alirudi jioni na mzigo wa majani ya maharagwe. Kabla hajautua, Riziki alikuwa ameshaanza kusimulia. Alisimulia vizuri, kwa mikono, bila kuficha kopo wala makaa. Nikasimama mlangoni nikingoja afike pale.

"Halafu Yaya akaenda kutafuta maji," akasema Riziki. "Akakimbia mbio sana. Akarudia na maji."

Maji yalikuwa ndani ya nyumba muda wote, kwenye beseni, hatua chache kutoka alipokuwa.

Nilimwangalia usoni nikitafuta kama anajua. Hajui. Kwake mimi sikumwacha, nilifuata maji. Mama alinishika mkono wenye kidole kilichoungua, akaniambia nimefanya vizuri. Mjomba alipopigiwa simu alicheka kwanza, kama kawaida yake, akasema sasa limekuwa jiko la Masisi kwelikweli, lina masizi. Kisha akaomba azungumze na Riziki, na sikusikia alichomwambia.

Baada ya hapo Mama alitoa kiberiti kwenye mfuko wa kitenge chake akaniwekea mkononi.

"Kesho utawasha babula weye," akasema. "Mutoto aone moto inatokaka wapi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeniamini, mbele ya Riziki, na Riziki akapiga makofi.

Kwa hiyo kesho nitachuchumaa uani, Riziki kando yangu, mikono yake magotini kama leo. Nitakwangua njiti. Nitamwambia kwamba moto ni wa watu wakubwa na kwamba jiko lake halihitaji moto wa kweli hata siku moja. Hata betri sitaziweka tena. Nimeshayapanga maneno yote. Miguu tu ndiyo siwezi kuipanga. Kiberiti kiko mezani hapa, karibu na simu ninayoandikia, na nimekigeuza ili nisione picha yake.

Je, kama nitakimbia tena, safari hii atasema nimekwenda kutafuta nini?

Jiko liko nje, chini ya paa. Upande mmoja umeyeyuka, lakini mawe mawili bado yamebaki mahali pake, na bidoni ya njano haikuguswa. Riziki ameshaniomba nilitengeneze. Nimekubali.

Wewe unayesoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni, najua hamko wengi, na Mama hasomi mambo ya kwenye simu. Nakuomba kitu kimoja. Siku ukipita Mweso, ukamkuta mtoto wa kike anapika mchanga kwenye jiko la waridi lililoungua upande mmoja, atakusimulia, maana humsimulia kila mtu. Atakuambia moto ulipowaka dada yake alikimbia kwenda kutafuta maji.

Mwitikie tu. Hili nililoandika libaki kati yangu na wewe.