Chai ya Mama Odette

Neema mjukuu wangu,

Tuko wazima huku Nakivale. Babu yako bado anakoroma. Unauliza nani alinishika mkono baada ya kupasuliwa saratani ya tezi ya shingo kule Mbarara. Daktari alinipa kidonge cha kila asubuhi, maisha yote: nimeze, kisha nikae saa nzima bila chai. Mimi nikatanguliza chai. Jirani yetu Mrundi, Mama Odette, akanikamata. Kesho yake alikuja mapema na kigoda chake.

“Nawe hujanywa chai?” nikamuuliza.

“Nitakunywa ukinywa, dada. Meza upesi.”

Huu mwaka wa tatu anakuja. Hata tukigombana anakuja, ananipa mgongo tu. Juzi madaktari walisema shingo ni safi, nikamwambia sasa anywe chai kwake. Akaniuliza kama nimeambiwa niache kidonge.

Bibi yako