Ndege ya Zaina Kwenda Kinshasa

Jumatatu, 6 Oktoba

Nguo za mwanangu Musa nimefua mara mbili, mvua imezilowesha tena. Meno yanamtoka. Halali, basi nami silali.

Shemeji Saidi ameleta kompyuta. Ndani ameweka mchezo wa kurusha ndege, anataka kuuweka dukani kwake, kwa vijana wanaopenda mambo ya ndege. Mtaani kwake courant, umeme, imekatika, kwetu ipo kidogo. Donc basi, nijaribu mimi kwanza, nimwambie kama unafaa.

"Ukiweza wewe, Mama Zaina, hata mbuzi ataruka!"

Nimemtukana kidogo. Nimekubali.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeangusha ndege mtoni. Halafu msituni. Halafu mtoni tena. Ukiinua pua sana inaishiwa nguvu, inadondoka.

Mlio wa injini ni wa kweli. Umenirudisha uwanja wa ndege wa Bangboka, asubuhi tuliyomsindikiza mume wangu, Ramazani. Mto wameuweka vizuri, unapinda pale pale wa kweli unapopinda. Mji wetu, hapana. Nyumba za Ulaya, na maporomoko ya Tshopo hayapo kabisa.

Zaina alikaa mapajani mwangu, akacheka kila tulipoanguka. Kisha akasema, "Mama, twende Kinshasa tumuchukue papa."

Nimezima mashine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ramazani alipanda ndege kwenda kupasuliwa Kinshasa. Alifia huko. Akazikwa huko, hatukuwa na njia ya kumrudisha. Siku za matanga Zaina tulimpeleka Bengamisa kwa mama yangu. Aliporudi tukamwambia papa bado iko safarini. Ana miaka mitano. Kila ndege ikipita anakimbia uani kupunga mkono.

Leo Saidi amenionyesha kitufe kinachofanya ndege ijiendeshe yenyewe. Nimemwambia anachotaka Zaina.

"Muache, atasahau."

"Atasahau nini? Baba yake?"

Amerudi kwenye vitufe vyake. Mimi mwenyewe sijui nianzie wapi kumwambia.

Jioni nimemkubalia Zaina, tumeruka kwenda Kinshasa. Tumefika juu ya Isangi, pale Lomami inapoingia mtoni, courant ikakatika. Zaina amelia. Mimi nimefurahi. Aibu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Zaina amevaa gauni la Idi. Amenitaka nimsuke kwanza. Musa mgongoni.

Courant haikukatika. Nilingoja ikatike. Msitu, mawingu, msitu. Nilingoja tu.

Nimetua vibaya, ndege imerukaruka kama chura, lakini imesimama. Kinshasa. Uwanja mzima hauna mtu. Magari yamepangwa, hayana madereva. Hata mlinzi hakuna. Zaina amesogeza uso mpaka pua imegusa kioo.

"Papa iko wapi?"

Ningeweza kusema tumekosea uwanja. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nimemgeuza anitazame. Nimesema, papa alikufa. Hayuko safarini. Hakuna ndege ya kumfikia.

Amenipiga kifuani kwa ngumi. Nimemwacha apige. Musa ameamka, tumelia wote watatu, na ile injini inanguruma tu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Saidi amekuja kuchukua kompyuta. Nimempa majibu yangu. Mbuzi anaweza. Mlio mzuri, mto mzuri, mji wetu uongo. Vijana watapenda. Ila viwanjani hakuna watu, mtoto asiende kumtafuta mtu mle. Hakucheka. Amembeba Zaina kidogo, akaondoka.

Mchana ndege ya kweli imepita juu ya nyumba. Zaina hakutoka. Ameendelea kula wali na mboga ya pondu mpaka akamaliza. Kisha ameuliza kama papa aliumia.

Nimesema sijui, sikuwepo.

Amenipa sahani yake. Nimeosha, yeye akapangusa.