Miguu ya Nyuma ya Karani

Jumatatu, 3 Juni 1996

Daftari jipya. Nianze kwa utaratibu, kama faili ya mgonjwa.

Walio nyumbani: mimi, Namalwa, miaka arobaini na sita, kazi yangu fizio hospitalini, miaka ishirini na miwili nafundisha watu kutembea. Mama yangu, miaka sabini na mmoja, nilimtoa kwake Malava Februari baada ya kiharusi kulegeza mkono na mguu wake wa kushoto. Nilimwambia kila mtu kule kwamba kwangu atatembea kabla ya Pasaka. Pasaka imepita. Anafika mlango wa choo na kurudi. Wa tatu ni Karani, paka, miezi minane. Nilimwita hivyo kwa sababu hukalia karatasi zangu siku nzima na hafanyi kazi.

Leo Karani ameanguka kutoka kwenye kiti. Hakuruka — ameanguka, kama mfuko wa viazi. Akageuka kuitazama miguu yake ya nyuma kama mtu aliyekanyagwa sokoni anayemtafuta aliyemkanyaga. Mama akacheka. Mimi pia. Naandika ili nikumbuke kwamba nilicheka.

Mama amekula maini yote, robo kilo. Daktari alisema damu yake iko chini. Sahani imerudi safi kabisa. Angalau hapo nimefaulu.

Jumanne, 4 Juni

Hakuna cha kucheka. Karani anatembea kama mtu anayetoka kunywa chang'aa. Mbele yuko sawa, nyuma inakwenda kivyake.

Nimempima mezani. Maumivu: amenikwaruza, kwa hiyo yapo. Hisia za miguu: zipo, kwa sababu hiyo hiyo. Ugonjwa: sijui. Kwa mgonjwa wa kawaida ningeandika maneno marefu hapo.

Basi nimefanya ninachojua. Nimepanga magazeti ya zamani pande mbili yawe kama zile reli zetu za mazoezi, nikamshika kiuno kwa skafu yangu ya kanisa, nikamtembeza katikati. Nikamnyoosha miguu, kumi kulia, kumi kushoto. Amelia sana. Nikamwambia ajitahidi. Ndivyo ninavyowaambia wote.

Mama alikuwa anatazama kutoka kwenye kiti chake. Akaniuliza kama hivyo ndivyo ninavyowafanyia watu hospitalini. Nikasema ndiyo.

"Na wanarudi?"

Alhamisi, 6 Juni

Karani sasa anajivuta. Miguu ya nyuma inalala upande mmoja. Sanduku lake la choo halifiki tena, na anapochelewa ananitazama kwa aibu. Nimesafisha sakafu mara nne.

Mazoezi asubuhi na jioni. Hayasaidii. Nimeongeza.

Kazini nilimwendea Wesley wa eksirei. Nilikuwa nimejipanga vizuri. Nikamwambia nina mgonjwa wa nyumbani, miguu imelegea ghafla. Akatoa fomu. Jina? Karani. Umri? Miezi minane. Akaacha kuandika, akanionea huruma, akauliza kama bado ananyonya. Hapo nikakosa ujasiri, nikasema ni paka.

Wesley aliweka kalamu chini polepole sana. Alisema mashine ni ya watu, na akasema hatamwambia mtu yeyote. Kufikia saa nane, hata yule mama wa kupiga deki alinisalimia "Mama Karani."

Ijumaa, 7 Juni

Nimejiaibisha.

Nilianza kufikiri. Kufikiri ndiko kulikoniponza. Duka la Maina limepakana na ua wetu. Maina ana magunia ya mahindi. Penye mahindi pana panya, na mwenye panya huweka sumu. Nikafika mwisho wa hesabu hiyo nikiwa bado na koti la kazini, nikaingia dukani. Wateja walikuwa watano. Nilisema, kwa ile sauti yangu ya wodini, kwamba kama mtu anaweka sumu karibu na nyumba za watu, awe na utu wa kusema.

Maina alikuwa anapima sukari. Akamaliza kuipima, akafunga karatasi.

"Mama, mimi situmiangi sumu. Niko na watoto hapa," akasema. "Paka yako ndiyo ilikuwa inanisaidia na panya. Nilikuwa nataka kukuuliza imeenda wapi, ni wiki mbili siioni."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Mwanamke mmoja alimhamisha mtoto wake kutoka upande wangu kwenda upande mwingine.

Niliondoka bila chumvi niliyokuwa ninunue. Nimekula ugali na mboga isiyo na chumvi, nikajiambia ni vizuri kwa moyo.

Jumatatu, 10 Juni

Majibu ya damu ya Mama yametoka. Haijapanda. Imeshuka kidogo.

Miezi minne ya maini! Nilimwambia yule kijana wa maabara arudie. Akarudia. Ni ile ile. Nikamuuliza kama ana hakika hakuchanganya chupa, akaniuliza kwa adabu kama mimi nina hakika mgonjwa anakula. Nikamwambia nazijua sahani zangu.

Mama hakuuliza majibu. Aliuliza kama Karani amekula.

Jumanne, 11 Juni



Saa sita nilitoroka kazini ili nimfanyie Karani mazoezi ya mchana. Niliingia kwa mlango wa jikoni. Mama hakunisikia. Alikuwa kwenye kiti chake, sahani ya maini mapajani, Karani amelazwa miguuni pake juu ya leso. Anakata kipande kwa mkono ule mzima, anakipuliza kipoe, anainama kwa shida, anampa. Kipande baada ya kipande. Alipomaliza akamwekea na sahani yenyewe airambe. Kumbe ndiyo maana zinarudi safi.

Nilisimama pale kama polisi.

Nilimuuliza ni tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza. Nikamwambia, Mama, hayo ni dawa yako, damu yako iko chini, kwa nini hukuniambia huyapendi?

"Sijayapenda maini tangu nikiwa msichana. Yananuka chuma," akasema. "Lakini wewe ukija na sahani unakujanga na uso wa kazini. Ningekataa, ungeniletea hesabu za damu. Hata hatua zangu unazihesabu, Namalwa. Nikienda choo nasikia unahesabu. Karani hanihesabii."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kitaalamu. Badala yake nikaenda jikoni nikaosha sahani ambayo ilikuwa tayari imerambwa.

Mama hakuwa amemaliza. Aliita kutoka sebuleni kwamba anajua kosa ni lake, lakini asinyang'anywe paka.

Asinyang'anywe. Mama yangu mzazi ananiogopa. Hilo sikulijua jana.

Jumatano, 12 Juni

Nimechukua ruhusa ya nusu siku. Nilisema ni mgonjwa wa familia. Wesley aliangalia dirishani.

Nimempeleka Karani ofisi ya mifugo ndani ya kikapu. Mbele yangu kulikuwa na mzee kutoka Kabras na ndama, na mtu mwenye swali la kuku kumi na sita. Zamu yangu ilipofika, afisa, Kiptoo, alichungulia kikapuni, akatazama nyuma yangu kuona kama ng'ombe yuko nje.

Lakini hakucheka. Alimweka mezani, akampapasa mgongo kwa kidole kimoja, taratibu, mfupa kwa mfupa. Vidole vyake ni vinene kama mihogo, na Karani hakumkwaruza. Mimi nilijisikia wivu, niseme ukweli.

Akauliza anakula nini. Maini. Na nini kingine? Maini. Tangu lini? Tangu akiwa mdogo, siku zote.

Akasema amesoma ng'ombe, paka si sana. Lakini ng'ombe akikosa chokaa ya mwilini, yaani kalsiamu, baada ya kuzaa huanguka na asisimame. Maini yana mengi mazuri, chokaa hayana. Huenda mwili wa huyu mdogo umekuwa ukiila mifupa yake mwenyewe mpaka ikawa laini. Huenda. Inaweza pia kuwa mgongo, au kitu asichokijua. Kumdunga sindano alikataa, kwa kuwa chupa aliyo nayo ni ya ng'ombe, na akizidisha kidogo moyo wa paka utasimama. Apewe maziwa, omena, wale dagaa wadogo, waliosagwa na mifupa yao, na unga wa mifupa kidogo sana, kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Akae ndani ya boksi, asiruke, asitembezwe.

"Asitembezwe?" nikauliza.

"Mama, mifupa ikiwa hivyo, ukimvuta mguu unaweza kuuvunja. Kuna mtu amekuwa akimvuta?"

Miaka ishirini na miwili. Cheti kimetundikwa ukutani.

Nikasema, kuna mtu.

Alhamisi, 13 Juni

Kwa Maina. Nilihakikisha wateja ni wengi, kwa kuwa nilimtukana mbele ya wengi. Walikuwa wawili tu. Nikangoja nje mpaka wakawa wanne, Maina akinitazama kupitia wavu bila shaka akijiuliza leo nimekuja na kesi gani.

Nikasema nilikosea. Nikasema aliyemharibu paka ni mimi, na mama yangu kidogo, na kwamba yeye hakustahili maneno yale. Maina akasikiliza, mikono juu ya mizani.

"Ni sawa, mama. Hata mimi mtoto wangu akigonjeka huwa natafuta mtu."

Kisha akauliza kama nataka ile chumvi. Nikanunua chumvi na omena. Omena akanichagulia mwenyewe, wakavu, wasio na mchanga.

Jumapili, 16 Juni

Sikuenda kanisani. Karani amegoma kula siku mbili. Aliyezoea maini anaoneshwa omena — ananiangalia kama nimemletea barua ya kufukuzwa kazi. Nimewachemsha, nimewakaanga, nimewaficha ndani ya uji. Ameunywa uji, akawaacha omena wamejipanga chini ya bakuli.

Anakonda. Ukimshika unahisi mbavu. Niliingia chumbani nikalia, kisha nikajiambia mtu mzima halii kwa sababu ya paka. Kisha nikaendelea.

Mama alinisikia. Akataka aletewe kinu kidogo na wale omena. Nikasema mkono wako, Mama. Akanyoosha ule mzima mpaka nikaleta. Akakishika kinu kwa magoti, akatwanga kwa mkono mmoja mpaka wakawa unga, akaongeza maziwa, akapaka kwenye kidole. Mkono wa kushoto nao ulikuwa umejiweka kwenye ukingo wa kinu. Niliuona. Nilifungua mdomo nikaufunga tena. Sijawahi kufanya kazi ngumu hivyo.

Karani akalamba kidole. Mara mbili. Akalala.

Jumatano, 19 Juni

Amekula. Vijiko vitatu!

Nimemuuliza Mama yeye angependa kula nini. Swali rahisi. Sikumbuki kama niliwahi kumuuliza. Akasema samaki, kunde, na maharagwe yasiyo na karoti. Karoti ndizo nilizokuwa nikimwekea kila siku.

Jumapili, 23 Juni

Kiptoo alisema atapita akitoka kanisani, na kweli amepita, akiwa na suti na viatu vya kung'aa. Niliandaa chai. Nilikuwa nimeandika pia ripoti ya Karani, kurasa mbili: chakula, choo, mkao, kila siku. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa heshima, akaukunja akautia mfukoni. Wa pili akauacha chini ya kikombe.

Akamtoa Karani kwenye boksi, akamweka kwenye nyasi mbele ya mlango. Miguu ya nyuma ikajikusanya chini yake. Ikatetemeka. Akainuka, kweli akainuka, hatua tatu zilizopinda, akakaa. Nilikuwa nimeuma kidole changu bila kujua. Kiptoo akasema ni afadhali, lakini tusishangilie. Huenda asiruke tena maishani, na huenda mwezi ujao tukamkuta palepale. Hata sasa hana hakika ni mifupa peke yake.

Mama akamwita kutoka kwenye kiti.

"Na mimi, daktari? Umeangalia paka. Mimi hutaniangalia?"

Nilimwambia Mama, huyu ni daktari wa ng'ombe. Mama akasema amesikia. Kiptoo akavua koti la suti, akachuchumaa mbele yake, akamvuta chini kope ya jicho taratibu, kama anavyofanya kwa ng'ombe, akaangalia rangi. Akasema damu bado haitoshi. Akamuuliza anakula samaki mara ngapi. Mama akamjibu kila kitu. Akakubali kila kitu. Mboga, matunda, hata kurudi kliniki — yale yote niliyomwambia tangu Februari, aliyapokea kama habari mpya, akamshukuru.

Kisha akamwomba amfikishe pale nyasini, kwenye jua, karibu na Karani.

Nikasimama nilete kiti cha magurudumu nilichoazima hospitalini. Mama akanitazama. Kiptoo, ambaye ni mgeni na ana adabu, akasema labda mimi nimalizie chai jikoni.

Kwa hiyo niko jikoni. Nimeambiwa nikae jikoni ndani ya nyumba yangu. Nimefungua daftari ili mikono iwe na kazi. Mlango umerudishwa, sioni kitu. Nasikia kiti kinasukumwa nyuma. Kiptoo anasema polepole, polepole, usiogope, simama kwanza. Na sijui anamwambia nani kati ya wale wawili, na sitakwenda kuangalia, sitakwenda, ingawa sasa nasikia nyasi zikikanyagwa, na sizihesabu hatua.