Kuhusu Mguu wa Athumani

Kasulu, wakati wa masika

Kaka yangu Mbwana,

Umeandika hivi, nami nayanakili maneno yako usije ukayakana: "Aliyevunjika mguu juu ya pikipiki amekwisha kuonywa. Akipanda tena, hicho ni kiburi, na mwenye kiburi mahali pake ni nyumbani, mbele ya macho ya baba yake." Nimeyasoma mara tatu. Yameandikwa vizuri, kaka, lakini si kweli, na nitakuonyesha kwa nini.

Kwanza shikamoo, maana ubishi haufuti udugu. Goti la Mama limepata nafuu? Shemeji Zuhura ameacha kukohoa? Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha kila mchana, na asubuhi ukungu hulala juu ya migomba mpaka nikienda darasani kwangu nasikia watu wazima wakisoma a-e-i-o-u kabla sijaiona nyumba yenyewe. Miaka sita nipo, na bado siku nyingine naona kama naota nchi hii.

Sasa mwanao. Unajua kwamba alianguka mwaka jana akipeleka dawa zahanati, mfupa wa mguu wa kulia ukakatika vipande viwili, na kwamba hospitalini Kabanga walimfunga plasta. Usilolijua ni kwamba mguu umepona isipokuwa kwa jambo moja: hauna nguvu ya kupiga kiki. Athumani huwasha pikipiki yake kwa kuiteremsha mlimani. Ikimzimikia kwenye mpando, hana la kufanya ila kuigeuza irudi ilikotoka.

Jumapili iliyopita palikuwa na mashindano ya pikipiki kutoka hapa hadi Kibondo, njia nzima tope. Sharti lilikuwa moja: asukumwaye na mtu ametoka. Mimi nilipewa nafasi nyuma ya gari la waamuzi. Aliyeogopwa na wote alikuwa Bukuru, bwana mifugo wa Kibondo, Muha mwenye mabega ya fahali na ulimi mrefu. Alimtazama Athumani akichechemea, akamwuliza, "Mdogo wangu, umekuja na mguu au umekuja na mkongojo?"

"Nimekuja na vyote, kaka. Sijui kipi kitakupita."

Watu wakacheka, na Bukuru akacheka kuliko wote.

Kupita Makere wengine walikuwa wamekwisha kubaki nyuma. Tulipovuka mto Malagarasi walikuwa wawili tu mbele yetu, Bukuru na mwanao, wakipokezana uongozi. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nyasi ndefu pande zote mbili, na katikati yake vitu viwili vyeusi vinapanda, vinazama, vinaibuka tena, na ngurumo zake zinatufikia zimechelewa. Nilisahau kwamba nimekaa juu ya pipa la dizeli. Nilidhani nasafiri ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Kisha, katikati ya mpando mrefu kabla ya Kibondo, ngurumo zikakoma zote mbili.

Tulipowafikia tukazima gari, tukaona wanaume wanne wakiteremka na ingobyi mabegani, ile machela yao ya kusukwa wanayobebea wagonjwa. Ndani alilala mwanamke amefunikwa kitenge. Huku ukikutana na ingobyi unazima chombo, unashuka, unapiga makofi ya salamu taratibu, unauliza hali ya mgonjwa, na unasimama mpaka apite. Bukuru alikuwa amezima. Athumani naye alikuwa amezima, pale mlimani, akijua vizuri mguu wake.

"Mwakeye," mzee aliyeshika mbele alitusalimu kwa Kiha. "Mama huyu ni mzazi, wanangu. Kila kishindo kinamwumiza."

"Mungu amsaidie, baba," Athumani alijibu, mikono yake ikipiga makofi polepole. Kaka, kwa muda ule ulimwengu ulikuwa na sauti hiyo tu, viganja na matone ya maji kutoka kwenye nyasi.

Ingobyi ikapita. Bukuru akapiga kiki mara moja, akaondoka. Athumani akageuza pikipiki yake kuelekea Kasulu, akaiachia iteremke polepole, akitangulia kwa kuomba njia, mpaka alipowapita wachukuzi na kufika mbali nao. Ndipo akaachia klachi. Tulimsikia tu, hatukumwona. Kisha akapanda tena, akapunguza moto kando ya wachukuzi, maana salamu walikwisha kupeana, akatupita sisi uso mzima tope, nikaona ameuma mdomo wa chini kama wewe ukikata kitambaa cha ghali.

Alimfikia Bukuru kwenye miteremko ya mwisho. Alimpita ndani ya uwanja wa Kibondo, kwa gurudumu moja tu. Hakuweza kushuka, Bukuru mwenyewe alimshusha, akasema, "Mkongojo umenipita."

Nikamwuliza mwanao, "Kwa nini hukuiacha ingurume polepole tu?"

Akanitazama kama niliyeuliza jambo la aibu. "Ami, mbele ya mgonjwa?"

Basi niambie, kaka, kiburi kiko wapi? Mwenye kiburi angepita akinguruma. Huyu alihatarisha alichokitamani mwaka mzima kwa ajili ya mwanamke asiyemjua. Onyo ulilolitaka amekwisha kulisikia, amelielewa kuliko mimi na wewe, na hakulielewa kwa kukaa nyuma ya kaunta ya duka lako. Zahanati tano zinamngoja yeye kila wiki.

Msalimie shangazi Mwanaidi msuka mikeka, na mwalimu wetu wa chuo aliyenichapa kwa ubishi bila mafanikio, na binamu Kombo mpiga chokaa.

Sasa nasema nawe Mbwana, na wewe shemeji Zuhura unayesomewa haya. Athumani amekwisha kufunga sanduku. Anasema baba akiita anakwenda, na amenikataza kumtetea. Kwa hiyo nawadai ninyi. Andikeni kwamba abaki. Iwe kwa mkono wako mwenyewe, kaka, na mama yake atie neno lake, ifike kabla hajapanda gari la kwenda kukamata treni Kigoma. Na msiniandikie mimi. Mwandikieni yeye.

Mdogo wako,
Hamisi