Kazi Niliyokuambia Nimepata

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa dukani kwako Kariakoo, kwenye kile kiti chako cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na naanza na jambo ambalo nilipaswa kukuambia ukiwa hai. Siku ile wodini uliponiuliza, "Manka, umepata kazi?" nami nikakujibu, "Nimepata, Baba, naanza Jumatatu," nilikudanganya. Hakukuwa na kazi. Nilikuwa na leseni ya kurusha helikopta, shati jeupe lenye mistari mabegani, na ujumbe wa kukataliwa umejaa kwenye simu. Siku mbili baadaye ukafariki.

Sikupanga kusema vile. Ulikuwa umekonda, mashine inalia pembeni yako, na mimi ndiye niliyekuweka roho juu miaka yote ile. Wewe ulitaka nisomee ndege za kawaida. "Ndege zenye mabawa zina makampuni mengi," ulisema. "Hizo chopa mtagombania ngapi hapa Bongo?" Ulikuwa sahihi, na nilijua uko sahihi huku naendelea kubishana. Lakini nilikuwa nimeiona ile chopa ya kampeni juu ya Mnazi Mmoja, imesimama hewani, haiendi mbele wala nyuma, vumbi linatimka na watu wameshika kofia zao. Ndege nyingine zote nilizowahi kuziona zilikuwa zinapita tu. Nilinuna wiki mbili, mezani sikai, mpaka ukaachia fremu ya pili ya duka ili upate ada, na mimi nikaenda Afrika Kusini kusoma. Ubishi huo nimeurithi kwako, kwa hiyo tusilaumiane.

Baada ya kukuzika Rombo nilirudi mjini na uongo wangu. Kila mtu alikuwa ameshaambiwa. Asubuhi navaa shati, natoka nyumbani, mtaa wa Gerezani, napita mbele ya wauza vipuri, nao wananiita, "Rubani, leo unaenda wapi?" Nawajibu Mafia. Songea. Wiki moja nilitaja Pemba mara tatu, fundi mmoja akataka kujua Pemba kuna nini. Kumbe naenda uwanja wa ndege kubisha hodi kwenye ofisi zile zile. Kote nilikutana na jibu moja: una masaa mia mbili ya kuruka, rudi ukiwa na elfu. Nikiuliza nitayapata wapi hayo masaa kama hakuna anayenipa helikopta, wananitazama kwa huruma na kunifungulia mlango. Mchana nakaa Mnazi Mmoja na vitabu vyangu, nasubiri muda wa watu kutoka kazini ufike ili na mimi nirudi. Nilichoka, Baba. Kuna siku nilikuchukia kwa kuniamini.

Miezi saba ikapita hivyo. Wa nane, kampuni moja ndogo yenye helikopta mbili ikanichukua, si kurusha, bali kuandika karatasi za mizigo. Nyumbani sikusema kitu, maana kwao nilikuwa nina kazi tayari. Mkuu wa marubani pale ni Kapteni Salehe, mtu mzima asiyependa maneno. Niliandika karatasi, nikafagia banda, nikafuta na vioo bila kuambiwa. Juma lililopita akasema bila hata kuniangalia, "Alhamisi utaruka na mimi. Nikiridhika, una kazi. Nisiporidhika, usinisumbue tena."

Safari ilikuwa ya kupeleka chakula kwenye kambi ya wajenzi wa barabara bondeni Rufiji, kwa sababu mafuriko yalikuwa yamewakatia njia. Muuzaji wao wa siku zote akashindwa, na mimi kwa kiherehere changu nikasema duka letu lipo. Nikampigia simu Baba Mdogo, ambaye ndiye anayeendesha duka lako sasa. Nikamwambia ni safari yangu na mkuu wetu, asiniangushe. Akasema magunia manne, kilo mia mia. Nikajaza karatasi: kilo mia nne, kiasi kile kile helikopta inachoweza kubeba. Nikasaini. Mimi, Baba, niliyekulia juu ya magunia.

Leo Alhamisi asubuhi kirikuu, kile kigari cha mizigo, kikaingia, Baba Mdogo mwenyewe amekaa mbele, amevaa koti lake la kanisani. Turubai likafunuliwa. Magunia yalikuwa lumbesa. Yote manne, yamejazwa mpaka kupita mdomo, na ile ziada ya juu imeshonewa kwa kamba, kama mnavyomfanyia mteja mnayemheshimu. Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho kila mtoto wa Kariakoo anakijua, kwamba kwetu "kilo mia" ni jina la gunia, na uzito wake hakuna anayeuliza.

Kapteni alikuwa upande wa pili anakagua mashine, hajaona. Wapakiaji wakashika gunia la kwanza. Ningenyamaza, nani angejua? Pale uwanjani pengine tungeinuka vizuri tu. Lakini kambini tunatua kwenye kiwanja kidogo kilichozungukwa na miti, na helikopta iliyozidiwa haikupi nafasi ya kujuta. Nikisema, Kapteni anaona nimesaini kitu ambacho sikukiona, na kazi imekwisha, na sitakuwa na pengine pa kwenda kubisha hodi.

Nikasema, "Subirini. Naomba yapimwe."

Baba Mdogo akanigeukia. "Manka, unanipima mimi? Mbele za watu?" Nikawaonyesha wapakiaji mizani. Gunia la kwanza la viazi, kilo mia thelathini na nane. La pili, mia arobaini na moja. Maharage, mia na kumi na mbili. Vitunguu, mia ishirini na tisa. Karatasi yangu ilikuwa na upungufu wa kilo mia na ishirini, na Kapteni alikuwa ameshafika, ameishika mkononi, anaisoma saini yangu. Akaniuliza kama niliyaona magunia kabla ya kusaini. Nikasema sikuyaona, niliamini simu. Akauliza simu ya nani. Nikamwonyesha Baba Mdogo kwa macho, na nikatamani ardhi ipasuke.

Akaichana karatasi, akanipa nyingine, akasimama pale pale mpaka nikamaliza kuijaza. Vitunguu vikarudishwa kwenye kirikuu. Baba Mdogo akaondoka navyo bila kuaga.

Tukaruka. Kapteni aliniachia usukani, nami sikujua kama bado najaribiwa au nasindikizwa. Bonde lote lilikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kambi ilipoonekana, kiwanja chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyoambiwa. Nikaanza kushuka polepole, miti inapanda kulia na kushoto, mkono wangu wa kushoto unaomba nguvu na mashine inatoa ile kidogo iliyobaki. Karibu na ardhi upepo ukakatika ghafla. Tukazama. Nikaongeza nguvu, sindano ya kipimo cha nguvu ikapanda, ikafika chini kidogo ya mstari mwekundu, ikasimama. Ungeongeza vile vitunguu, isingesimama. Kapteni naye alikuwa anaitazama. Mikono yake ilikuwa magotini, hakugusa kitu. Tukatua.

Tuliporudi Dar alizima injini, akasubiri panga za helikopta zisimame. "Mwezi mzima mizigo yote utapima wewe mwenyewe," akasema. "Na Jumatatu uje na vyeti vyako tuandikishane mkataba." Akashuka, akaenda kunywa chai.

Nilidhani ningepiga kelele siku hiyo ikifika. Badala yake nilikuja moja kwa moja hapa dukani. Baba Mdogo alikuwa anachambua vile vitunguu, na shikamoo yangu aliiitikia shingo upande. Nikamwomba radhi kwa kumwaibisha. Kisha nikaona nimalize yote, maana nilikuwa nimechoka kubeba. Nikamwambia kazi nimeipata leo. Nikamwambia siku zote zile sikuwa rubani wa mtu yeyote, kwamba nilikudanganya wewe kitandani, na wao wote baada yako.

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Tunajua."

Alichoniambia baada ya hapo wewe unakijua, kwa sababu ni maneno yako. Nilipotoka wodini jioni ile uliwaita yeye na Mama, ukawaambia, "Huyu hajapata kazi. Angepata kweli angeingia humu anakimbia mpaka manesi wamtoe. Mwacheni, asiulizwe." Na hawakuniuliza. Mama alinipigia pasi lile shati miezi minane akijua siendi popote. Baba Mdogo akasema magunia ameyajaza vile kwa sababu alielewa kuwa Alhamisi ndiyo safari yangu ya kwanza ya kweli, na kwa kuwa wewe haupo, alitaka duka lako litoe kitu cha kuonekana.

Nimelia, Baba, mbele ya wateja, mpaka mama mmoja akaniletea maji. Nina hasira na wewe. Ulinishika mkono ukasema, "Hongera, mwanangu," huku unajua, nami nimeibeba hongera ile kama kitu nilichoiba. Baba Mdogo anasema hukuwa unaigiza, ulinipa mapema tu kwa sababu uliona hutaifikia siku yenyewe. Sijui kama nitaacha kukukasirikia hivi karibuni. Nakupenda na hasira yangu hivyo hivyo.

Lala salama, Baba. Desemba tunapanda Rombo na Mama. Gari likisimama barabarani sitasubiri mizigo ishushwe. Nitakuja kihambani, kwenye migomba ulikolala, kukuambia nimepata kazi, na nakuahidi, utanisikia nakuja mbio.

Mwanao,
Manka