Risasi za Bunduki ya Polycarpe

Mweso, tarehe 9 mwezi wa pili 2024

Kaka Sylvain,

Nakusalimia sana kule Walikale. Mugongo iko namna gani? Shemeji Astrid na watoto wanaamuka muzuri? Sisi tunapumua. Maharagi imetoa maua, lakini usingizi hakuna juu ya vita.

Naandika juu ya ile bunduki kikundi chenu cha wapiganaji kilimupatia bwana yangu Polycarpe, ati alinde kilima. Ni ya zamani sana, mbao imepasuka, wameifunga na waya. Hiyo tungevumilia. Lakini risasi mulizotuma si zake. Polycarpe akiingiza moja, inacheza mule ndani kama jino ya mutoto inayotaka kutoka. Jirani yetu Papa Ndayambaje, aliyekuwa askari zamani, aliiangalia, akaniambia: "Mama Nicole, hii ni risasi ya bunduki ingine. Akiipiga, itamurudilia mwenyewe."

Wewe njo unagawanya hivi vitu, kaka. Tuma risasi zake, ao umuache bwana yangu arudi mu shamba.

Dada yako mudogo,
Rosalie

Walikale, tarehe 21 mwezi wa pili 2024

Dada yangu Rosalie,

Jacques, dereva wa camion, alinipatia barua yako. Mugongo inauma kidogo, Astrid iko muzima, watoto wanasoma. Salimia shemeji Polycarpe.

Nilipeleka neno lako kwa mukubwa wetu. Akacheka. "Risasi ni risasi," akasema. "Muoga njo anachagua." Makatoni za risasi zilikuja zimechanganyikana, kila muntu anapiga na ile anapata. Usinipatishe haya mbele ya watu, Rosalie. Muambie shemeji akaze roho.

Kaka yako,
Sylvain

Mweso, tarehe 30 mwezi wa tatu 2024

Kaka Sylvain,

Nakusalimia juu ya desturi tu. Habari ya afya usiniulize.

Watu walipanda kilima kwa kutupora. Polycarpe akapiga risasi moja, moja tu, na bunduki ikapasuka mbele ya uso yake. Jicho ya kuume imekwisha. Vidole viwili havipo. Adui hata hakumugusa!

Niko naye hapa hospitali. Kitanda ya pembeni iko kijana wa kijiji cha Bihambwe: bunduki ya namna ile ile, risasi za namna ile ile, shavu imefunguka. Mama yake ananiuliza kama kuna muntu alijua. Nimujibu nini? Kwamba kaka yangu alijua? Niliandika wazi, mutoto wa shule ya primaire angeelewa, na ninyi mukacheka!

Jacques ameona bunduki ya mukubwa wenu. Iko mupya, risasi zake zinaingia sawasawa. Kumbe kwake risasi si risasi tu.

Rosalie

Walikale, tarehe 12 mwezi wa ine 2024

Dada yangu,

Pole, pole sana. Nimelia, na Astrid amelia. Mungu amuponyeshe shemeji.

Lakini iko jambo. Mukubwa anauliza ile bunduki. Anasema fundi atabadilisha kipande iliyopasuka, halafu itapewa muntu mwingine wa kilima chenu. Mupatie Jacques ailete. Isipofika, mimi njo nitajibu. Nisaidie, dada.

Kaka yako,
Sylvain

Mweso, tarehe 25 mwezi wa ine 2024

Sylvain,

Astrid na watoto wawe wazima. Wao hawana kosa.

Polycarpe amerudi nyumbani. Nilimusomea barua yako. Akasema: "Rosalie, usikubali wamupatie muntu mwingine."

Nikatoka na wamama wenzangu, mulango kwa mulango, tukiomba zile bunduki zote mulizoleta. Wanaume wakabisha: "Na adui akija?" Nikawaambia: "Mukamuangalie Polycarpe, halafu mutaniambia nani atawaua mbele, adui ao bunduki." Walienda, wakamuangalia. Kila mumoja alirudi na bunduki yake mukononi.

Tumezitupa zote, hata ile ya Polycarpe, na risasi zake, mu shimo ya choo ya zamani, nyuma ya chapelle, ile kanisa yetu ndogo. Juu tumejaza mawe na udongo. Sijifichi: muambie mukubwa ni Rosalie alifanya. Kama anazitaka, aje mwenyewe ashuke mule, atazipata zinanuka.

Unaandika kwamba utajibu. Ujibu, basi. Mimi najibu kila asubuhi, nikifunga vifungo vya shati ya muntu aliyekuwa anajivalia mwenyewe.

Ukiacha wale watu, njoo, utakula na sisi. Ukiwa nao bado, usimutume Jacques tena na barua.

Muke wa Polycarpe